Ukiagiza ‘karanga’ mjini Moshi utaletewa nini?

Yeyote aliyepitia Kidato cha Tatu nchini Kenya anaikumbuka sajili ya hotelini. Mwalimu huandika ubaoni mazungumzo ya mhudumu na wateja wake: ‘Nani samaki?’ ‘Mimi hapa!’ ‘Na matumbo?’ ‘Matumbo ni yule mzee wa pembeni.’ Darasa hucheka, kisha huanza kuorodhesha sifa: sentensi fupi fupi, mlaji kuitwa kwa jina la chakula chake, kuchanganya ndimi, msamiati wa vyakula na bei. Wengi wamejizolea alama kwa maswali ya aina hii. Hata hivyo, somo hilo lina pengo moja ambalo sijaona kitabu cha kiada kikilijaza. Linachukulia kwamba mhudumu na mteja wamekulia katika Kiswahili kimoja.

Kwetu Mwanda, juu kwenye vilima vya Taita, pengo hilo si la nadharia tupu. Watu wetu hushuka hadi Mwatate, wakashika njia ya Taveta, wakavuka mpaka pale Holili, na kabla jua halijawa kali wako Moshi. Huenda kwa biashara, kwa arusi, kwa mazishi, kwa masomo ya watoto. Hawabebi mkalimani, kwani wa nini? Si Kiswahili ni Kiswahili? Anayekwenda Addis Ababa anajua kwamba Kiamhari hakijui, kwa hiyo ananyooshea kidole chakula anachokiona na kutabasamu. Anayekwenda Moshi anadhani anajua. Ndiyo maana mkanganyiko wake huwa mkubwa zaidi kuliko wa yule wa Addis Ababa, na aghalabu hugunduliwa wakati sahani imeshafika mezani.

Chukua neno karanga. Katika mikahawa ya Voi, Mwatate, Nairobi na kwingineko Kenya, ‘ugali karanga’ ni ugali kwa nyama iliyokaangwa kwa vitunguu na nyanya ikaachwa na rojo yake. Hata matumbo huwa ‘matumbo karanga’. Mteja haulizi, mhudumu haulizi. Sasa mteja huyo huyo aketi kwenye mgahawa wa Moshi aseme, ‘Nipe ugali karanga.’ Mhudumu atamkodolea macho. Kwake yeye karanga ni zile punje zinazochimbwa ardhini, zikakaangwa na kuuzwa katika vikaratasi. Ugali kwa karanga? Akiwa mkarimu atadhani mgeni anataka mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, maana chakula hicho kipo na ni kitamu, naye atamletea. Mgeni ataangalia sahani, atafute nyama asiione.

Nani kakosea hapo? Wasomaji wengi watakimbilia kusema Mkenya, kwa kuwa tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili chetu ni kibovu. Wacha tuangalie taratibu. Kitenzi ‘karanga’, kisawe cha ‘kaanga’, si uzushi wa vibanda vya Nairobi. Ni cha zamani na kimo katika kamusi. Nyama karanga basi ni nyama iliyokarangwa, na muundo wake hauna ila yoyote kubwa kuliko ule wa ‘nyama choma’, ambao wenzetu wa Tanzania nao wanautumia bila kuona haya. Kilichotokea ni kwamba Kenya sifa imekaa peke yake ikawa jina la chakula kizima, na nyama ikaachwa nje kwa kuwa kila mtu anaielewa.

Halafu zile punje zenyewe, Mkenya huziita njugu, au njugu karanga akitaka kuwa kamili. Kwa Mtanzania, njugu, au njugu mawe, ni zile nyingine za mviringo, ngumu, ambazo huchemshwa kwanza. Hapa ndipo historia inapoingia. Njugu mawe ni zao la Afrika tangu kale. Karanga ni mgeni, asili yake Amerika ya Kusini, na alifika kwetu baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Mgeni akija, lugha ina njia mbili: kumpa jina la mwenyeji anayefanana naye, au kumtafutia jina jipya. Wengine walifanya la kwanza, wakamwita njugu kwa nyongeza. Wengine wakafanya la pili. Viazi vina kisa kama hicho. Neno kiazi lilikuwako kabla ya viazi vya milimani Amerika kuletwa, likihusu mizizi ya kwetu. Ndiyo maana hadi leo tuna ‘viazi vikuu’. Bara la Kenya ukisema viazi bila kivumishi, umeagiza vile vya mviringo. Tanzania huenda ukaulizwa: vitamu au mviringo? Unguja utaambiwa hivyo vya mviringo ni mbatata, neno ambalo Wareno walituachia.

Nimelirefusha suala la karanga kwa makusudi. Kuna watu wenye mzio wa karanga, wale ambao punje chache zinaweza kuwavimbisha koo wasiweze kupumua. Msafiri wa namna hiyo anayejua tu neno ‘njugu’, akauliza mgahawani, ‘Hiki chakula kina njugu?’ atajibiwa kwa unyoofu kabisa, ‘Hapana, mama, hakina njugu.’ Na kweli hakina. Kina karanga.

(Na usidhani Moshi wanaijua maana hiyo moja tu. Mjini humo kuna kata inayoitwa Karanga, na wapandao Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame hulala kwenye kambi ya Karanga. Nyama ya karanga hapo inaweza kuwa nyama ya mtaa jirani!)

Maneno kama haya nayaita ndumakuwili. Hayafichi ugeni wake kwa kuwa hayana ugeni: sauti ni zile zile, tahajia ni ile ile, mpaka kwenye maana ndipo yanapokugeuka. Jozi ambazo hazifanani hata kidogo zina nafuu. Mkenya wa bara huita dagaa ‘omena’, sato ‘ngege’, sangara ‘mbuta’, majina yote matatu ameyatoa katika Kijaluo kwa kuwa samaki hao walimfikia kutoka upande wa ziwa unaokaliwa na Wajaluo. Akiyatamka Moshi, mhudumu atasema ‘sijakuelewa, kaka,’ na mazungumzo yataanza upya. Githeri naye atakutana na makande hivyo hivyo, wote wawili wakiwa mahindi na maharagwe ndani ya sufuria moja, na pwani wakiwaita pure. Kutoelewana huko hakudhuru kitu, kwa sababu kunaonekana.

Supu ndiyo inayodhuru mfuko. Katika vibanda vyetu, mlaji aliyemaliza rojo kabla ya ugali huinua sahani na kusema, ‘Niongezee supu kidogo.’ Supu hapo ni mchuzi, na kuongezwa ni bure; ni haki ya mteja, karibu sawa na maji ya kunawa. Tanzania supu ni chakula kinachojitegemea, tena cha asubuhi: bakuli la supu ya mbuzi, ya kuku, ya utumbo au ya makongoro, limao pembeni, pilipili, na chapati mbili. Ukiomba supu ukiwa katikati ya chakula cha mchana utaletewa bakuli zima, na bei yake itaandikwa chini ya ile ya ugali. Ugomvi wa bili utakaofuata utachochewa zaidi na hesabu, maana shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya shilingi kumi za Tanzania, na mgeni anaposikia maelfu yakitajwa kabla hajazoea, moyo humwenda mbio.

Chai nayo! Bara la Kenya chai ni majani, maji na maziwa vilivyochemshwa pamoja. Asiyetaka maziwa ndiye anayepaswa kujieleza: ‘chai ya rangi’ au, mtaani, ‘strungi’. Ng’ambo ya mpaka, mwenye kutaka maziwa ndiye ajieleze: ‘chai ya maziwa’. Zaidi ya hayo, ‘kunywa chai’ kwa Watanzania wengi ni kufungua kinywa kwa jumla, hata kama kilichonywewa ni uji. Mwenyeji akikuuliza saa nne, ‘Umekunywa chai?’ anauliza kama umekula asubuhi. Ukijibu kwamba wewe huwa hunywi chai, umemjibu swali ambalo hakuuliza, naye atakuonea huruma kwa kushinda njaa. Soda ina kituko chake pia: ‘Baridi au ya moto?’ Hakuna anayechemsha soda. Ya moto ni ile ambayo haikuwekwa kwenye jokofu.

Nyumbani Taita na pwani nzima, ndizi mbivu huliwa pamoja na pilau. Hukatwi jicho na mtu. Agiza ‘pilau na ndizi’ katika nchi ya Wachaga na huenda ukaletewa vyakula viwili. Pale ndizi ni chakula kikuu, hupikwa kwa nyama, hupondwa ikawa mtori, na neno lisipofafanuliwa huelekea kwenye chungu kabla ya kuelekea kwenye tunda. Anayetaka tunda husema ndizi mbivu. Sisi Wakenya, tukitaka za kupika, tumeazima ‘matoke’ kutoka kwa Waganda, na kwa kufanya hivyo tukalibana neno ndizi libaki na utamu wake tu. Bajia ni vivyo hivyo: Nairobi ni vipande vya viazi vilivyochovywa katika unga na kukaangwa, Tanzania ni vidonge vya kunde au dengu zilizosagwa. Mboga pia. Mhudumu wa Tanzania anayeuliza ‘Mboga gani?’ anaweza kujibiwa ‘samaki’ au ‘nyama’, kwa kuwa mboga ni kile chochote cha kulia ugali, kile ambacho watu wa pwani hukiita kitoweo. Majani yana jina lake kamili, mboga za majani. Mkenya wa bara akisikia swali hilo atataja sukuma wiki au kabeji, kisha akae akisubiri nyama ambayo hakuna aliyeiandika.

Mpaka hapa nimekuwa mpole kwa pande zote mbili, kwa sababu katika mifano hii yote sioni kosa. Naona lahaja za kijamii za lugha moja zilizokua katika mazingira tofauti, karibu na majirani tofauti. Lakini nitakuwa mkali mahali pamoja. Mkenya anayesema ‘nipe mchele na maharagwe’ amepoteza kitu. Kiswahili kinautenga mmea na nafaka yake yenye maganda, yaani mpunga. Punje zilizokobolewa, yaani mchele. Na chakula kilichoiva, yaani wali. Utengano huu una kazi. Mwenye duka huuza mchele, mwenye mgahawa huuza wali, na anayesema ‘mchele umeungua’ anaweza kuwa anazungumzia moto wa ghala. Kiingereza kina neno moja kwa yote matatu, na baadhi ya lugha zetu za bara zililipokea neno mchele peke yake pamoja na chakula chenyewe. Kikuyu, kwa mfano, kinasema mũceere. Sababu za kihistoria nazielewa. Ila kuelewa chanzo cha ufa si sababu ya kuuacha ukuta bila kuuziba, na mwalimu anayemwekea mwanafunzi alama ya kosa hapo ninamuunga mkono.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nadhani linawaumiza wasafiri kuliko msamiati. Mkenya huagiza kwa ‘nipe’, ‘leta’, ‘niletee’. Mtanzania huagiza kwa ‘naomba’: naomba chai, naomba maji, naomba bili. Kwa sikio la Mtanzania, ‘nipe’ kutoka kwa mtu usiyemjua ni amri, na amri kwa mtu ambaye hujamsalimu ni dharau. Kwa sikio la Mkenya wa bara, ‘naomba’ ni neno la kanisani, au la mtu asiye na pesa. Mlaji mwenye noti mfukoni ataomba vipi kitu anachokilipia? Kila mmoja anamsikia mwenzake kwa masikio ya kwao. Ndivyo zinavyozaliwa zile sifa za jumla tunazopachikana, kwamba Wakenya ni wakali na Watanzania ni wanyenyekevu mno, ilhali yote yametokana na uchaguzi wa kitenzi kimoja. Mkenya hamaanishi ukali. Kwao adabu inabebwa na mahali pengine: na toni, na mzaha, na kumwita mhudumu ‘bosi’ au ‘madam’.

Na salamu huja kwanza. Ukimkuta mama ntilie aliye rika la mama yako, ‘Shikamoo, mama’ hutangulia, usubiri ‘Marahaba, mwanangu, karibu’, kisha ndipo useme unachotaka. Wahudumu vijana ni kaka na dada. Nimesikia Wakenya wakilalamika kwamba hali hii inachelewesha chakula. Sijawahi kuona wali uliochacha kwa sababu ya shikamoo.

Majina ya ukoo nayo huingia jikoni. Mkenya akisema, ‘Nyanya yangu hali nyama,’ anamwombea bibi mzaa mama au mzaa baba chakula kingine. Mtanzania anasikia habari ya nyanya ya mchuzi isiyokula nyama, jambo ambalo halishangazi hata kidogo. Akirudi nyumbani na kusema, ‘Nifungie na chakula cha bibi yangu,’ akimaanisha mkewe, mhudumu anaweza kuchagua kwa huruma kilicho laini, kisicho na mifupa, kinachomfaa ajuza asiye na meno. Mke wa miaka 30 atafungua mfuko na kukuta mtori.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao hauchekeshi. Kwenye mabango ya Tanzania utaona ‘kitimoto’. Mkenya anajua kiti moto ni kule kuwekwa mahali pa kuhojiwa mpaka jasho likutoke. Chakula kinachoitwa hivyo atakidhania ni cha pilipili. Kitimoto ni nyama ya nguruwe. Jina lake jingine ni ‘mbuzi katoliki’, na hilo ni la hatari zaidi, kwa sababu masikio yenye haraka husikia ‘mbuzi’ na kuridhika. Hizi ni tasfida. Zilizuka katika jamii ambamo Waislamu na Wakristo wanakaa mtaa mmoja, na kulitaja jina la mnyama mbele ya jirani ambaye dini yake imemharamisha kulionekana kukosa staha. Wenyeji, Waislamu kwa Wakristo, wanalijua fumbo hilo, kwa hiyo linafanya kazi yake vizuri: linamstahi jirani na pia linamwonya. Mgeni Mwislamu kutoka Voi au Mombasa yuko nje ya fumbo. Tasfida iliyobuniwa kumlinda mtu kama yeye inaweza kumfikisha pale pale ilipokusudia kumwepusha. Kwake huyu, kuuliza ‘Hii ni nyama ya mnyama gani?’ si ushamba.

Je, Kiswahili sanifu hakikuletwa kutatua haya yote? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikashughulikia tahajia, sarufi na vitabu vya shule. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na bila hiyo makala haya yasingesomeka Voi na Moshi kwa urahisi ule ule. Ila usanifishaji ulilenga darasa, ofisi na kitabu. Jiko halikualikwa mkutanoni. Chakula hupewa jina na anayekipika, mahali anapokipikia, kwa maneno ya majirani zake, na jina hilo huwa limeshakita mizizi kabla mwanakamusi hajafika na kalamu yake.

Ninachowaomba wanakamusi, na hasa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, ni kitu kidogo kinachowezekana: kamusi ya vyakula ya kikanda, inayosema wazi kwamba neno fulani Kenya ni hiki na Tanzania ni kile, bila kumwita mmoja msanifu na mwingine mpotovu. Wenye migahawa ya mipakani wangeanza hata kesho kwa kuandika majina mawili ubaoni. Na watahini wetu waache kumkata mtoto wa Taveta alama kwa kuandika ‘maharage’ badala ya ‘maharagwe’. Mtoto huyo hulisikia umbo hilo kila siku ya soko, kutoka kwa watu wanaolisema kwa ufasaha.

Msafara wenyewe, bila shaka, una njia mbili. Mtanzania anayepanda Wundanyi na kuendelea hadi kwetu ataona kwenye ubao neno ‘kimanga’. Kwa kuwa Manga kwa Waswahili wa zamani ni Uarabuni, na pilipili manga anaijua, ana haki ya kutarajia kitu chenye viungo vya Muskati. Kimanga cha Wadawida ni mihogo, ndizi mbichi au viazi, vilivyopondwa pamoja na maharagwe, na hakina hata chembe ya pilipili. Akitaka cha moto aseme ‘naomba’ au ‘nipe’, vyovyote vile. Mwanda tutamwelewa.